Siku Niliyosema Futeni

Mwanangu Rukia,

Sikuandikii kukujulisha hali yangu, maana hali yangu umeiona mwenyewe asubuhi ya leo: nimekasirika, na hasira haijaisha. Umekwenda Tongoni kuagana na shangazi yako Mwanaidi, utarudi magharibi, na kesho alfajiri basi la Mwanza linakuchukua. Nina mchana huu mmoja. Nikingoja urudi tuseme ana kwa ana nitapandisha sauti tena, nawe utanyamaza tena, kwa hiyo nimekaa mezani na kalamu, na pembeni yangu kompyuta inanakili nyimbo za baba yako kwenye diski ile ya buluu. Imeandika kwamba zimebaki saa mbili na dakika kumi. Mashine haina haraka, nami leo sina pa kwenda.

Sitakuambia ule nini wala ulale saa ngapi ukitoka zamu. Hayo shangazi yako anakumalizia hivi sasa, na namjua, atakuwa ameshafika kwenye habari za wanaume. Wewe ni muuguzi, una cheti chako na akili yako. Mimi nina neno moja tu, nalo ni lile ulilolikataa asubuhi.

Nilikuambia uchukue diski ukasema, "Mama, mzigo wa nini? Nyimbo za baba zote zimo kwenye simu yangu." Ukanionyesha simu yenyewe, kioo kimepasuka pembeni, umekibana kwa gundi ya karatasi. Ndipo nikapiga ukelele mpaka Mama Asha wa jirani akaacha kufua. Kwa ukelele naomba radhi. Kwa maneno siombi. Simu inayolala chini ya mto, inayokwenda nawe sokoni na kwenye kituo cha basi, ambayo mwaka jana uliiangusha kwenye beseni la maji ukaifukia kwenye mchele siku mbili, humo ndimo uweke jasho la baba yako la miaka ishirini? Simu ni mahali pa kusikilizia nyimbo, Rukia. Mahali pa kuzihifadhi ni pengine.

Najua unajiuliza kwa nini mama amekuwa mkali hivi kwa ajili ya nyimbo. Wewe unaijua nusu ya habari, na ile nusu nyingine ndiyo inayoniuma, kwa sababu ndani yake nimo mimi. Miaka minne imepita na hujawahi kunitajia. Heshima yako naijua. Lakini kuna kukaa kimya kwa heshima ambako huoza moyoni, na sitaki uondoke nako kwenye begi.

Baba yako hakuwa mwanamuziki. Hata makofi alikuwa akipiga yanapishana na ya wenzake. Alikuwa karani wa mizani bandarini, Jumatatu hadi Ijumaa anaandika uzito wa magunia, na Jumamosi anachukua kinasa sauti chake anakwenda kwenye harusi za watu. Hakualikwa, aghalabu. Alikuwa anasimama nje ya ua, upande wa wanawake wanapogonga pembe za vugo na kumwimbia bibi harusi, anaomba ruhusa kwa mwenye nyumba, ananyoosha mkono juu ya makuti. Alikwenda hadi Moa, akashuka hadi Kigombe, kote kunakoimbwa Kidigo na Kimtang'ata. Kabla ya kila wimbo alikuwa anasema mwenyewe kwenye kinasa: mahali, na jina la anayeongoza. Wapo mabibi ambao majina yao hayakuandikwa popote duniani isipokuwa kwenye koo la baba yako.

Na mimi nilikuwa mmoja wao. Umewahi kuusikia ule wa kwanza? Anasema, "Kigombe. Anayeongoza ni binti wa Mzee Hamisi, jina sijaambiwa." Halafu naanza mimi, nina miaka kumi na tisa, sauti nyembamba na kiburi tele. Jina alikuja kuambiwa baada ya wiki tatu, alipoleta posa.

Kanda zilipoanza kuota ukungu, maana hewa yetu hii ya chumvi haiachi kitu, alinunua kompyuta ya mkono wa pili akakaa nayo karibu miaka miwili akiingiza kanda moja moja. Alipomaliza akatengeneza nakala tatu. Moja ndani ya kompyuta. Moja kwenye diski nyeusi, kabatini chini ya kanzu zake. Moja kwenye flashi, ndani ya mtoto wa meza. Akafurahi sana. "Watatu hawafi siku moja," alikuwa akisema, na mimi nikicheka, kwa kuwa kompyuta nilikuwa naipangusa vumbi tu, sijui hata inawashiwa wapi.

Walikufa siku moja, Rukia. Nakala tatu ndani ya nyumba moja, chini ya jina la mtu mmoja, ni nakala moja iliyovaa nguo tatu.

Lakini baba yako hakuwa mjinga, na hapa ndipo ninapojiona mimi mjinga. Alikuwa na rafiki Muheza, Mwalimu Elia. Wewe ulimjua kuliko mimi, maana baba yako alikuwa akikuchukua mkirudi na machungwa. Wazazi wa Mwalimu Elia walitoka bara kuja kukata mkonge, akazaliwa kambini, akakulia kwenye kwaya ya Kilutheri ya kambi ile, na yeye naye alikuwa na wazimu uleule: kanda za kwaya, kuanzia enzi za wazazi wake. Walikutana kwenye duka la kununua mikanda ya kinasa sauti na wakaelewana papo hapo. Mmoja wa kasida na vugo, mwingine wa zaburi, na hakuna aliyeuliza habari za mwenzake kwa Mungu.

Mapatano yao yalikuwa haya: zako nikae nazo mimi, zangu ukae nazo wewe. Nyumba mbili, miji miwili, ukoo mbalimbali, dini mbalimbali. Moto wa kwetu Makorora haufiki Muheza. Baba yako akaleta nyumbani diski nyeupe ya Mwalimu Elia, akaibandika karatasi na kuandika kwa wino mwekundu AMANA, na chini yake jina la mwenyewe. Alinieleza yote hayo siku aliyoileta. Nilikuwa nachagua mchele. Nikasema, "Ehe." Hilo ndilo jibu nililompa mume wangu kwa jambo la maana kuliko yote aliyowahi kuniambia, na mchele wenyewe ulikuwa na mawe vilevile.

Akafa. Hilo unalijua, sitalirudia.

Siku ya tatu, hitima ikiisha, nimo chumbani, nimeingia eda, kichwa kizito na macho yamevimba. Ami yako Sefu akaja kusimama mlangoni na wazee wawili wa mtaani. Hakuja kwa ubaya, na ninaandika hivyo kwa shida, kwa kuwa ningependa aliyoyafanya yawe ya ubaya ili nipumue. Akasema, "Shemeji, marehemu ameacha nyimbo nyingi. Kila anayezisikiliza, kaka yangu anaandikiwa dhambi huko aliko. Tumpunguzie mzigo. Ila hatufanyi bila wewe kuridhia."

Unakumbuka ulikuwa wapi? Ulikuwa umesimama nyuma yao na sinia ya vikombe. Una miaka kumi na sita. Ukasema, "Mama, ile nyeupe si ya baba."

Nami nikasema, "Nyamaza, Rukia, haya ni ya wakubwa." Kisha nikamtazama ami yako nikasema, "Futeni."

Neno moja. Hakunishika mtu mkono. Niliogopa, mwanangu. Niliona udongo mbichi, nikamwona yeye chini yake, nikaona kila wimbo unamdondokea kama kokoto, na sehemu ya kokoto hizo ni sauti yangu mwenyewe. Siku ya tatu mjane akiambiwa kwamba kuna kitu kinamwumiza mumewe kaburini, atakitoa, hata kama ni jicho. Ndiyo sababu nasema asiulizwe. Na ndiyo sababu nina hasira, hadi leo, na wanaume watu wazima waliokuja kuniuliza siku ile badala ya kusubiri arobaini ipite na akili irudi.

Wakabeba zote. Kompyuta, diski nyeusi, flashi, na ile nyeupe. Karatasi ya AMANA waliisoma, maana ami yako alinisomea kwa sauti na kusema, "Hii ni ya kwaya, hii ndiyo ya kwanza kufutwa." Shemeji, wewe uliyeogopa dhambi ya wimbo, hukuogopa dhambi ya amana? Nilitaka kumwuliza hivyo. Nimelitaka swali hilo kwa miaka minne, nalifua na kulianika, na sijapata siku ya kulivaa.

Nilipotoka eda nilikwenda kwa ustadhi wa chuo ulikosoma Kurani, si kutafuta fatwa, kutafuta usingizi. Nikamweleza yote. Habari za nyimbo hakuzigusa kabisa. Aliniuliza kitu kimoja: ile nyeupe ilikuwa mali ya marehemu? Nikasema la. Akasema kwa upole, "Basi mlimfutia mtu mali yake," na akaendelea kupanga misahafu. Tena akaongeza kwamba siku ile ya tatu alikuwa barazani kwetu tangu asubuhi, anasoma hitima, na hakuna aliyetoka nje kumwuliza.

Umeme umekatika.

Nilikuwa nimefika hapo juu, zimebaki dakika hamsini, na umeme ukakatika, pwaa, feni ikasimama. Nimekaa robo saa nikiitazama kompyuta iliyozimika na kusema maneno ambayo mama hamwandikii mwanawe. Sasa umerudi. Nimeanza upya. Si kuendelea palepale, la, kuanza upya, na nikueleze kwa nini, maana hili nalo nililipia. Wimbo uliokatikia njiani wakati wa kunakiliwa unaweza kuonekana mzima. Jina lake lipo, umekaa kwenye mstari wake na wenzake, na ukiufungua unaimba vizuri mpaka katikati, halafu kimya. Kuhesabu majina hakutoshi. Lazima usikilize, na usisikilize mwanzo tu, uruke hadi mwisho. Nakala ambayo hujaisikiliza ni uvumi.

Niendelee.

Alikuja Mwalimu Elia. Ilikuwa wiki ya pili baada ya eda, wewe uko shule. Kaja na mfuko wa machungwa na suti yake ile ya kanisani, akakaa, akanipa pole tena, akamsifu baba yako kwa maneno machache ya kweli. Chai akainywa nusu. Kisha akasema kwamba umeme wa Muheza ulikatika na kurudi kwa nguvu, ukaichoma kompyuta yake, na diski iliyochomekwa ikaungua pamoja nayo. Hakuwa na wasiwasi, akasema. Hata kucheka alicheka. Ni kwa ajili hiyohiyo walipatana yeye na Bakari, baba yako. Kwa hiyo amekuja kuchukua ile nyeupe, aitolee nakala, airudishe.

Na kabla sijafungua mdomo akatoa ndani ya mfuko, chini ya machungwa, kopo la maziwa ya unga. Ndani ya kopo kulikuwa na mfuko wa nailoni, ndani ya nailoni kitambaa, ndani ya kitambaa diski. Akaiweka mezani. "Zenu hizi hapa," akasema. "Nilizisikiliza zote mwezi uliopita. Ziko salama."

Rukia, mimi nimezaa, nimezika, lakini sijapata kuona aibu ya namna ile. Yeye Mlutheri wa kambini alikuwa amezitunza nyimbo za harusi zetu ndani ya kopo, anazisikiliza kila mwaka mwanzo hadi mwisho kuhakikisha hazijaharibika, Kidigo asichokielewa, kwa saa na saa. Sisi tulioandika AMANA kwa wino mwekundu tulizifuta za kwake siku ya tatu.

Nikamwambia. Sikumtaja ami yako. Nilisema, "Nilisema zifutwe." Akageuza kikombe kwenye kisahani, akakigeuza tena. Nilingoja anitukane, ningeshukuru. Akasema tu, "Mama Rukia, mama yangu aliimba peke yake wimbo mmoja tu maishani. Ulikuwa humo."

Akaniachia machungwa na diski yetu, akaondoka.

Sasa unajua kwa nini mwezi ule nilianza kusafiri, wewe ukidhani nakwenda kununua vitambaa. Kwanza nilikwenda kwa ami yako kuidai ile diski nyeupe. Alikuwa ameshaipeleka kwa fundi, fundi ameisafisha na kuijaza filamu za ngumi, ndizo ami yako alizokuwa anatazama jioni. Nikaipeleka kwa fundi mwingine, huyu mtu mwelewa, akanifundisha jambo ambalo lingeniokoa: kitu kikifutwa hakiondoki saa ileile. Kinakuwa kimefichwa tu, na mtu mwenye maarifa anaweza kukirudisha, mradi hakuna kilichowekwa juu yake. Ukifuta kwa bahati mbaya, chomoa, usiguse, usiandike hata herufi, peleka. Ya kwetu ilikuwa imeandikwa juu mara mbili. Nilimwuliza kama hakuna njia kabisa. Akanirudishia diski na kukataa kuchukua pesa.

Wingu nalo lilinikatalia, na hapa nikasirike tena kidogo. Baba yako alikuwa ameziweka baadhi ya nyimbo huko mtandaoni, za kwake na za kwaya, na kwenye daftari lake la bandarini aliandika neno la siri, nadhifu, kwa herufi kubwa. Nikaingiza. Mtandao ukasema umetuma namba za uthibitisho kwenye simu yake. Laini yake ilikuwa imekaa bila kutumika, ikafungwa, ikapewa mtu mwingine. Nilipopiga alipokea bwana mmoja Singida, mwungwana sana, akasema, "Mama, mimi laini hii nimeinunua juzi." Kila tulipojaribu, yeye akinisomea namba, zilichelewa au zilikataliwa, na siku moja akaunti ikajifunga kabisa. Nyimbo zipo huko, naamini, mpaka leo. Ziko salama kabisa na hakuna binadamu anayeweza kuzifikia. Tumia wingu, sikukatazi, lakini mlango wake usiufunge kwa ufunguo wa mtu mmoja. Watu hufa, Rukia, na laini zao huuzwa.

Basi tukaanza kutafuta, mimi na Mwalimu Elia. Kanda zake za asili alikuwa amezitupa, maskini, baada ya kuziingiza kwenye kompyuta, kwani za nini tena? Usitupe cha asili, hata kikiota ukungu. Tulikwenda kambi zile za mkonge zilizobaki nyumba nne nne, tukapiga hodi. Mimi na baibui langu, yeye na suti yake. Tulikunywa chai na wazee waliosahau majina yetu kabla ya kikombe kuisha. Ndipo nilipojifunza kompyuta, kwa Mwalimu Elia, sebuleni kwake, nina miaka hamsini na mbili, miwani puani, ananielekeza mimi niliyemharibia. Nyimbo arobaini na tatu za kwaya zilifutwa. Mpaka leo tumepata kumi na sita.

Ule wa mama yake tuliupata, nusu. Bibi mmoja wa Pongwe aliyekuwa kwaya moja naye alikuwa na kanda ndani ya cherehani mbovu. Mama yake Mwalimu Elia anaimba ubeti mmoja, anaingia wa pili, na palepale inaingia sauti ya mwanamume anayetangaza minada ya ng'ombe. Mtu alirekodi juu yake. Mwalimu Elia alisikiliza mpaka kwenye ng'ombe, akavua miwani, akasema, "Inatosha." Yeye anasema inatosha. Mimi nasema haitoshi, nami ndiye niliyesema futeni, kwa hiyo neno la mwisho ni langu.

Na ami yako? Miezi sita baada ya arobaini alimwoza binti yake. Unaikumbuka harusi ile, maspika yamesimama marefu kuliko mlango, muziki unatikisa mabati mpaka Chumbageni. Nilikwenda, nikala biriani, nikamsogelea nikamwambia kwa adabu, "Shemeji, na hizi zinaandikwa kwa nani?" Akacheka akasema, "Shemeji nawe, hii ni furaha ya mtoto." Na kwa kweli ilikuwa furaha ya mtoto. Nilirudi nyumbani nikajifungia nikalia kwa ghadhabu.

Lakini sasa nikuambie kilichonichukua muda mrefu kukikubali. Ami yako hakufuta kitu. Aliuliza, na aliyejibu ni mimi. Kulikuwa na mtu mmoja tu ndani ya nyumba ile aliyethubutu, mwenye sinia ya vikombe mkononi, akasema ukweli kwa maneno sita, nami nikamnyamazisha kwa kuwa ni mtoto. Hilo ndilo nililokuwa nalitafuta kusema tangu mstari wa kwanza. Nisamehe, Rukia. Si kwa nyimbo za baba yako, hizo Mwalimu Elia alituokolea. Nisamehe kwa kukufunza siku ile kwamba ukijua kitu cha kweli mbele ya wakubwa, unyamaze. Wewe unakwenda kufanya kazi wodini. Wakubwa watakosea mbele yako. Usinyamaze.

Kompyuta imemaliza. Nimekaa nasikiliza miisho, wimbo mmoja mmoja, nimefika Kigombe. Nina kiburi kweli.

Utakuta diski ya buluu juu ya begi lako, ndani ya kopo la maziwa. Utaichukua, na simu yako chukua pia, sina ugomvi nayo. Yangu inabaki hapa. Ya tatu iko Muheza, na diski ya Mwalimu Elia yenye zile kumi na sita iko kabatini kwetu, ina karatasi yake ya wino mwekundu, na nakala yake nimeiweka pia ndani ya hiyo yako. Ukifika Mwanza, ukishazoea watu, tafuta mmoja asiye ndugu, mwenye kitu chake anachokipenda namna hii, mbadilishane. Asiwe ndugu. Ndugu wote huja msiba mmoja.

Na nimeweka kitu kimoja kipya. Kipo juu ya vyote, kwenye nakala zote, utakiona kabla ya wimbo wowote. Nilikirekodi juzi ulipokwenda kukata tiketi. Siku nikifa watakuja mlangoni, pengine siku ya tatu, pengine kwa nia njema, wakuulize kama nilivyoulizwa. Utakuwa na macho yaliyovimba na utakuwa tayari kutoa chochote. Usijibu, mwanangu. Bonyeza tu, waisikie sauti yangu.

Nimeanza kama alivyokuwa akianza yeye. "Makorora. Anayesema ni Mwanahamisi binti Hamisi, jina mnaambiwa. Nina akili zangu, nina afya yangu. Msimwulize mwanangu. Nimeshajibu mimi: zisifutwe."

Mamako